Ndege Inapokataa Kunyooka: Miaka 200 ya Pua, Mkia na Trimu

Leo naomba tuweke seva na programu kando kidogo, twende angani. Msiwe na wasiwasi, tutarudi kwenye programu kabla ya kuagana, maana hadithi yenyewe imefika huko, na ilipofika iliua watu.

Tuanze na mfano. Umejitengenezea ndege ya modeli kwa mikono yako, ya kuongozwa kwa rimoti. Umeirusha. Badala ya kwenda sawa, pua inapanda, ndege inapoteza mwendo, pua inaanguka, mwendo unaongezeka, pua inapanda tena. Inakwenda kama mashua kwenye mawimbi. Unashika kile kitufe kidogo kando ya kijiti cha rimoti, yaani trimu, unabonyeza mara tano, mara kumi. Inatulia. Ukiongeza nguvu ya mota, pua juu tena. Ukipunguza, inazama. Trimu imefika mwisho na ndege bado haijanyooka. Tatizo liko wapi?

Kwa wasioijua, trimu ni nini? Mkiani mwa ndege kuna kipande kinachopinda juu na chini, kinaitwa eleveta. Ukivuta kijiti, eleveta inapanda, mkia unasukumwa chini, pua inainuka. Ukisukuma kijiti inakuwa kinyume. Sasa kama ndege yako inataka ushikilie kijiti nyuma kidogo muda wote ndipo iende sawa, kidole kitachoka. Trimu inakushikilia. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Na hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulisema leo. Trimu inaamua ndege isawazike kwa mwendo gani. Haiamui kama ndege itarudi kwenye usawa huo upepo ukiisukuma. Hilo la pili linaamuliwa na mahali uzito ulipo, na jinsi bawa na mkia vilivyopangwa. Ukichanganya mambo haya mawili utabonyeza trimu hadi jioni. Tena si wewe wa kwanza. Wamechanganyikiwa hapo watu wenye akili sana.

Kabla ya historia, fikiria mshale, kama ile ya Wakamba. Chuma kizito kiko mbele, manyoya yako nyuma. Mshale ukiyumba, hewa inayasukuma manyoya na mshale unarudi kwenye njia yake. Ungeweka chuma nyuma na manyoya mbele, ungegeuka hewani mara moja. Ndege ni hivyo hivyo. Kuna nukta moja kwenye ndege ambayo nguvu ya hewa inayoongezeka pua ikiinuka ni kana kwamba inasukuma hapo. Tuiite nukta ya mizani. Uzito ukiwa mbele ya nukta hiyo, ndege ikiinua pua inarudishwa yenyewe. Uzito ukiwa nyuma yake, pua ikianza kwenda inaendelea kwenda.

Mwingereza wa 1804

Aliyeanza kulielewa jambo hili vizuri ni George Cayley, tajiri wa Yorkshire, Uingereza. Mwaka 1804 alitengeneza modeli isiyo na injini: fito ya urefu wa kama mita moja na nusu, bawa lenye umbo la tiara kwa mbele, na nyuma mkia wa umbo la msalaba ambao angeweza kuugeuza pembe. Alikuwa pia na uzito mdogo aliouhamisha ili kubadilisha mizani ya modeli. Angalia vizuri vitu hivyo viwili, mkia unaogeuzwa na uzito unaohamishwa. Kila mwenye ndege ya modeli leo anacheza na hivyo hivyo, zaidi ya miaka 200 baadaye. Cayley aliviona kuwa ni viwili tofauti, na alivijaribu kwa modeli kabla ya kujaribu kumbeba mtu.

Kijana wa rababendi

Mtu wa pili ni Alphonse Pénaud, Mfaransa. Tarehe 18 Agosti 1871, akiwa na miaka 21, alikusanya watu kwenye bustani ya Tuileries jijini Paris na kurusha modeli aliyoiita Planophore. Mabawa yake yalikuwa na upana wa kama sentimita 45, na ilikuwa na uzito wa gramu 16 hivi. Injini? Rababendi iliyosokotwa, ikizungusha propela nyuma. Ilikwenda kama mita 40 kwa sekunde 11, bila mtu kuigusa.

Leo mita 40 si kitu. Lakini fikiria: hakuna rimoti, hakuna rubani, hakuna kompyuta. Kitu kinachoifanya isiinamie wala kuinuka kupita kiasi ni umbo lake tu. Pénaud aliweka mkia kwa pembe ndogo kuliko ya bawa, ili mkia usukume chini kidogo, na uzito akauweka mbele. Ndege ikipata mwendo mkubwa, mkia unasukuma chini zaidi na pua inainuka. Ikipungua mwendo, mkia unalegea na pua inashuka. Inajirekebisha. Ndege yako ya modeli yenye mkia nyuma ni mjukuu wa Planophore, ukipenda usipende.

Pénaud alijiua mwaka 1880 akiwa na miaka 30. Lakini rababendi yake ilikuwa imeshavuka bahari. Mwaka 1878, huko Marekani, mchungaji Milton Wright aliwaletea wanawe kitu cha kuchezea kinachoruka kwa rababendi, kilichotokana na kazi ya Pénaud. Wanawe hao walikuwa Wilbur na Orville.

Ndugu wa Wright na paundi 70 za chuma

Hapa ndipo hadithi inapopinda. Ungetarajia waliochezea kitu cha Pénaud wajenge ndege yenye mkia wa Pénaud. Hawakufanya hivyo. Waliweka eleveta mbele, na walikuwa na sababu. Tarehe 9 Agosti 1896, Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekuwa ameruka mara nyingi kwa mabawa yasiyo na injini, alianguka karibu na Stölln: pua iliinuka, mwendo ukaisha, bawa likakosa nguvu ya kumbeba. Alifariki kesho yake. Yeye aliongoza kwa kuhamisha mwili wake huku na huku, na siku hiyo mwili haukutosha. Akina Wright walitaka eleveta yenye nguvu, iliyo mbele ya macho yao, itakayowaokoa pua ikiinuka vile. Nayo iliwaokoa zaidi ya mara moja.

Lakini kila kitu kina gharama. Bawa dogo likiwekwa mbele linavuta ile nukta ya mizani mbele pia, na uzito wa Flyer ya 1903 ulibaki nyuma ya nukta hiyo. Yaani mshale wenye manyoya mbele. Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk, ndege iliruka mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa sekunde 12, kama mita 37. Mara ya mwisho sekunde 59, mita 260. Safari zote zilikuwa za kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, rubani akipambana na eleveta isiyomsubiri. Mwaka 1999 wahandisi waliijenga upya ndege hiyo kwa ukubwa wake kamili na kuipima kwenye handaki kubwa la upepo la NASA huko Ames, California. Vipimo vilionyesha kweli haikuwa na uwezo wa kujirudisha pua ikiinuka. Akina Wright walikuwa wakiirusha kwa mikono mepesi tu.

Mwaka 1904 walihamia shamba la Huffman Prairie karibu na Dayton, Ohio, na mawimbi yakaendelea. Wakajaribu kusogeza uzito NYUMA. Wazo halikuwa la kijinga, kwa sababu nadharia ya mambo haya ilikuwa bado changa. Ndege ikawa mbaya zaidi. Wakaurudisha mbele, kisha wakafunga vyuma vya paundi 70, karibu kilo 32, kwenye sehemu ya mbele. Hebu fikiria: ndege ambayo kila kilo iliihangaisha injini yake, na wenyewe wanaongeza kilo 32 za chuma kisichofanya kazi yoyote isipokuwa kukaa mahali panapofaa!

Mwaka 1905 eleveta ikaendelea kuwasumbua, na mwezi Julai Orville alianguka vibaya. Walipoijenga tena waliikuza eleveta na kuisogeza mbele zaidi. Haikuifanya ndege itulie yenyewe, lakini mienendo yake ikawa ya polepole, mtu akaweza kuimudu. Tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur aliruka kama kilomita 39 kwa dakika 39. Na mwaka 1910, kwenye ndege yao ya Model B, eleveta ilihamia nyuma. Walirudi kwa Pénaud.

Mawimbi yapata jina

Yale mawimbi ya kupanda na kushuka yana jina lake. Frederick Lanchester, mhandisi Mwingereza aliyejulikana pia kwa magari, aliyachunguza kwa modeli na hesabu, na mwaka 1908 akayaandika kitabuni kwa jina "phugoid". Alitaka neno la Kigiriki lenye maana ya kuruka, lakini alilolichukua lina maana ya kukimbia, kama mfungwa anavyotoroka. Jina likabaki hivyo hivyo hadi leo. Sisi watu wa programu tunalielewa hili: jina baya likishaingia kwenye msimbo, halitoki.

Somo la Lanchester kwa mwenye modeli ni kwamba mawimbi marefu ya polepole si lazima yawe ugonjwa. Ndege nzuri kabisa inaweza kuyafanya, yakapungua yenyewe. La kuogopa ni mawimbi yanayokua, au pua inayokwenda upande mmoja bila kurudi.

Kijana wa mtaa wetu

Sasa tushuke duniani. Kuna kijana mtaani kwetu, anasoma sekondari, aliyejenga ndege kwa lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni. Kazi safi sana. Mota, betri na sevo alinunua kwa pesa za kuosha magari. Akanijia: "Kaka, hii ndege imenikataa. Nikiongeza moto inasimama wima, na trimu ya chini imeisha."

Nikamuuliza ameshajaribu nini. Akasema aliona pua inapanda, akafikiri mkia ni mzito, akabandika sarafu puani. Ikazidi. Akaongeza sarafu nyingine. Ikazidi tena.

Mnaona? Ni yale ya akina Wright, ila yamegeuzwa. Wao walikuwa na uzito nyuma wakaurudisha nyuma zaidi. Yeye alikuwa na uzito mbele akaupeleka mbele zaidi. Wote walitazama pua badala ya kupima mizani. Ndege yenye pua nzito inahitaji mkia uliopinda kuvuta pua juu ili iweze kuelea polepole. Sasa ongeza moto: mwendo unakua, ule mkia uliopinda unapata hewa nyingi, unasukuma chini kwa nguvu, pua inapaa. Kila sarafu unayoongeza inadai mkia upinde zaidi ukielea, na kila upindaji unaipaisha zaidi ukiongeza moto.

Tulifanya mambo manne, na nawaandikia kwa mpangilio kwa sababu mpangilio ndio dawa.

Kwanza, mizani. Betri ikiwa ndani, tuliinua ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa hadi ikakaa sawa. Kwa ndege ya kawaida yenye mkia nyuma, vidole viwe kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma. Bawa lake lilikuwa la sentimita 20, kwa hiyo tulitafuta sentimita 5 hadi 6 na nusu. Yeye alikuwa kwenye 3. Sarafu zikatoka, betri ikarudi nyuma kidogo.

Pili, vitu vilivyolegea. Ukishika eleveta na sevo imewashwa, isicheze. Bawa lisisogee kwenye mipira inayolifunga. Kama kila siku ndege inataka trimu tofauti, usitafute nadharia, tafuta kilicholegea.

Tatu, kuelea bila mota. Tulizima mota ikiwa juu, tukaweka trimu hadi ikashuka taratibu bila mawimbi makubwa. Kisha tukainamisha pua kiasi na kuachia kijiti. Ikijiinua polepole, uzito uko mahali pazuri. Ikijiinua kwa kishindo, pua ni nzito. Ikiendelea kuzama, au ikizidi kuinama, mkia ni mzito. Shika kijiti haraka, ushushe ndege, usiongeze trimu.

Nne, na mwisho kabisa, mota. Ongeza moto ghafla uangalie. Pua ikiruka juu PAPO HAPO, kabla mwendo haujaongezeka, ni mvuto wa mota unaovuta vibaya: weka washa nyembamba nyuma ya mota, upande wa juu, ili iangalie chini kidogo. Pua ikipanda POLEPOLE kadiri mwendo unavyokua, rudi kwenye mizani na pembe ya mkia. Yake ilipanda papo hapo kidogo tu. Washa moja kila upande wa juu zikatosha. Trimu ikarudi katikati. Jioni ile ilizunguka uwanja mara nyingi kuliko nilivyohesabu.

Trimu ikishikwa na programu

Nilisema tutarudi kwenye programu. Mtu anaweza kuniuliza: kwani kompyuta haiwezi kushikilia ndege isiyotulia? Inaweza. Ndege ya kivita ya F-16, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1974, ilisanifiwa kwa makusudi isijitulize kikamilifu, ili igeuke haraka. Kompyuta inaishikilia kila wakati. Lakini waliojenga walijua wanachokifanya: mfumo ulikuwa na njia nne zinazofanya kazi moja, ili moja ikiharibika nyingine ziikatae.

Sasa tazama Boeing 737 MAX. Injini zake zilikuwa kubwa kuliko za 737 za zamani, zikawekwa mbele na juu zaidi. Pua ikiinuka sana, injini hizo zenyewe zinaongeza nguvu ya kuinua, na usukani unakuwa mwepesi kuliko sheria zinavyotaka. Jibu likawa programu iliyoitwa MCAS, iliyogeuza bawa la mkia, yaani trimu ile ile tunayozungumzia, ili kusukuma pua chini. Ilisikiliza kihisio KIMOJA cha pembe ya pua. Iliweza kurudia tena na tena. Na marubani hawakuelezwa kuwa ipo.

Tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya Lion Air ilianguka baharini Indonesia, watu 189 wakafa. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines safari namba 302 iliondoka Addis Ababa asubuhi kuja Nairobi. Kihisio cha kushoto kilitoa takwimu za uongo mara tu baada ya kuruka. Programu ikaamini, ikasukuma pua chini. Marubani wakakata umeme wa trimu kama walivyoagizwa, lakini kwa mwendo ule gurudumu la kuirudisha kwa mkono lilikuwa gumu mno. Umeme ukarudishwa, programu ikasukuma tena. Dakika 6 baada ya kuondoka, ndege ilianguka karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa, na Wakenya ndio waliokuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Hapa Nairobi kulikuwa na watu waliosimama uwanja wa ndege wakisubiri.

Ndege hizo zilizuiwa kuruka duniani kote. Zilipoanza kuruhusiwa tena, Marekani ikitangulia Novemba 2020, programu ilikuwa inalinganisha vihisio viwili, inasukuma mara moja tu kwa tukio, na haimshindi rubani nguvu. Mistari hiyo ya msimbo haikuhitaji uvumbuzi wowote mpya.

Mimi naandika programu kwa riziki yangu, na sisemi kwamba programu isiguse mkia wa ndege. F-16 inanikataza kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba kabla ya kubonyeza trimu, iwe kwa kidole au kwa msimbo, ujue unaficha nini. Kama ni uchovu wa kidole, sawa. Kama ni uzito ulio mahali pasipofaa, sogeza uzito. Na kama huwezi kuusogeza, basi hakikisha kuna kitu cha pili kinachouliza, "Una hakika pua iko juu?"

Kijana wa mtaani sasa anajenga ya pili, kubwa zaidi. Safari hii alama ya sentimita 5 ameichora kwenye bawa kabla ya kugusa gundi.

Haya, tuonane wakati mwingine. Mbaki salama.